Karatasi ya Daktari wa Kigoma

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na kaye yake, daftari la Kiingereza, akakaa kwenye mkeka karibu na mahali nilipokuwa nikichambua sombe, majani ya muhogo, akaniuliza, "Mama, *sweet* ni nini?" Nilimjibu kwa ukali ambao hata mimi ulinishtua: "Kamuulize aliyekufundisha!" Akanyanyuka, akaenda kukaa mlangoni na kaye yake mapajani. Ana miaka kumi na mitatu. Mimi nilibaki na majani mkononi, hasira imenijaa, na hasira yenyewe haikuwa yake. Kuna watu hawamsamehe jirani, kuna watu hawamsamehe ndugu. Mimi nina neno moja la herufi tano ambalo sijaweza kulisamehe, na watu wawili watatu waliolishika pamoja nami.

Babu yangu, baba wa mama, alikuwa mtu wa kijiji cha Wamaza, mkulima wa mpunga na karanga. Wakati wa vita alikimbia pamoja na mjomba wangu mpaka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, wakakaa kambini miaka mingi. Huko ndiko alikoanza kukonda na kunywa bidoni nzima, dumu zima la maji, kwa siku, na huko ndiko daktari alikomwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari. Aliporudi, mama hakukubali aende moja kwa moja Wamaza. Alitaka akae kwetu Kasongo, jirani na kituo cha afya. Nilipomsikia mama akimwambia jirani, "Muzee iko na sukari," nilifikiri ameleta gunia. Mimi mwenyewe nilikwenda kupekua mizigo yake. Nikakuta mashati mawili, sufuria moja, mfuko wa vidonge, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Sisi watoto tulimpenda upesi kwa sababu ya Kiswahili chake. Kambini alikuwa ameokota maneno ya Watanzania, akayachanganya na yetu. Pipi sisi tuliita bombo, yeye aliita switi. "Nani amekula switi yangu?" aliuliza, na wadogo zangu wakaanguka chini kwa kicheko. Walimpa jina la Babu Switi, naye akaitika. Alikuwa mzee wa mzaha, mpenda chai yenye sukari vijiko vinne, na mama alipomnyima, aliniangalia mimi kama mtu aliyeonewa mahakamani.

Karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza. Baba alikuwa mchuuzi wa mawese, akiyapeleka kwa kinga, baiskeli yake, mpaka Nyangwe. Alisoma Kifaransa kidogo, na hicho kidogo hakikumsaidia. Aliipeleka karatasi kwenye kituo cha afya. Muuguzi akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha. "Hii ni Kiingereza. Mutafute mutu mwenye anaijua."

"Tuko naye nyumbani," baba akasema.

Aliporudi alinikabidhi karatasi mbele ya watu wote. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari. Nilikuwa nimejifunza Kiingereza miezi minne. Nilijua kuhesabu mpaka ishirini, nilijua siku za wiki, nilijua kumwamkia bwana mmoja wa kitabuni ambaye hakuwepo. Lakini jinsi baba alivyonitazama siku ile, ningeweza kusoma hata maandishi ya malaika. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi nyumba nyingi zetu zilivyokuwa: mtoto anayeenda shule ndiye macho ya ukoo mzima, na hakuna anayeuliza kama macho yenyewe yamefunguka.

Kulikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza niliuweza kwa kubahatisha: kidonge kimoja, asubuhi, pamoja na chakula. Wa pili ulikuwa na maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa katazo. Nilipolitamka la pili kwa sauti, Babu mwenyewe akaruka kwenye kiti: "Switi! Amekataza switi!" Watu wakacheka, na mimi nikaona kazi ya kutafsiri ni rahisi.

Mstari wa tatu ulikuwa umeliwa na maji. Karatasi ililowana ziwani, na wino ukatawanyika katikati. Palibaki neno la "ikiwa", kisha doa, kisha neno moja lililoonekana kama *sweet* lakini likiwa na herufi isiyo yake, kisha maneno ya kuamuru: mpe *sweet*. Ikiwa switi, mpe switi. Haikuwa na maana. Nilimwomba baba anipe siku moja.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilimfuata mwalimu wetu wa Kiingereza. Tulimwita Prof. Alikuwa kijana, alifundisha Kiingereza kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kukifundisha, na nadhani hakuwahi hata siku moja kumsikia mtu akikisema. Sikujua hayo wakati ule. Nilikuwa nimenakili mstari kwenye kaye yangu.

"*Sweet*," akasema. "Ni adjektifu. Maana yake -tamu. Tumeshaisoma."

"Lakini Prof, hii ya kwanza iko na a."

"Madaktari wote wanaandika vibaya." Akachukua biki yake nyekundu, akaikata ile a, akaandika e juu yake. Halafu, kwa kuwa alinipenda kama mwanafunzi mwenye bidii, akaniongezea: "Na tena inasemwa juu ya mutu. Mutu mupole, mwenye roho nzuri, naye ni *sweet*. Andika hiyo."

Nikaiandika. Kengele ikalia.

Basi jioni ile, kabla ya kula, nilisimama na kuwasomea jamaa zangu mstari wa tatu wa daktari wa Kigoma. Nilikuwa nimeufikiria njia nzima. "Ikiwa mgonjwa ni mpole," nikasema, "nanyi mtendeeni kwa upole."

Mama aliweka mkono kifuani. "Huyu dokta ni mutu wa Mungu," akasema.

"Ni kweli," baba akasema. "Kwa mugonjwa, maneno mazuri njo dawa."

Babu peke yake hakufurahi. Alikunja uso, akawa kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa vidole. "Hapana," akasema. "Kule dokta aliniambia habari ya jasho. Jasho na kutetemeka. Alisema nikitoka jasho..."

"Muzee," baba akamkatiza kwa heshima, "karatasi haisahau. Mutu njo anasahau."

Babu akageuka kwangu. Nakumbuka alivyogeuka, aligeuka polepole, akinipa nafasi. Nami nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye elimu, "Babu, imeandikwa."

Tukala.

Mama alitia sukari na bombo zote za nyumbani katika sanduku la bati, akalifunga, na ufunguo akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua sheria. Niliutia uzi, nikauvaa shingoni. Wiki zile nilikuwa askari. Nilinusa vikombe. Siku moja mdogo wangu alimpa Babu bombo aliyopewa na mama ya ubatizo wake, nami nikamkuta Babu anaimung'unya nyuma ya nyumba, shavu limevimba. Akajishika kichwa, akapepesuka, akasema kwa kucheka, "Nilisikia kizunguzungu, bwana askari." Nikamnyoshea mkono, akaitema kiganjani mwangu. Mama aliposikia alinisifu mbele ya wageni. Kwa hiyo nilikuwa nimejua, au nilidhani nimejua, kwamba Babu akitaka switi anajifanya mgonjwa.

Jumamosi moja baba alikuwa Nyangwe, mama amekwenda shambani na wadogo zangu. Mimi niliachwa kupika uji na kukaa na Babu. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri na kuni zililowana. Nilipuliza mpaka macho yakaniwasha. Babu alikuwa mtu wa saa: saa yake ya kidonge ilipofika alikimeza, uji uwepo usiwepo. Uji haukuwepo. Moto uliwaka ukazima, ukawaka ukazima, na mimi nilikuwa nikiutukana polepole.

Akaniita. Nikaenda na moshi kichwani. Alikuwa amekaa barazani katika koti lake, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi kabisa, lakini jasho lilikuwa likimtiririka kutoka kipajini, likidondoka kwenye ukosi. Kikombe cha maji kilikuwa kikigonga meno yake.

"Nipe switi," akasema.

"Babu, hapana."

"Nipe sukari, mutoto. Kidogo tu."

"Imekatazwa. Weye mwenyewe unajua."

"Nipe!" Alipiga kikombe chini. Hakuwahi kunifokea tangu alipofika. Akaniita jina ambalo sitaliandika hapa, jina ambalo mzee hamwiti mjukuu, kisha akaanza kusema Kibangubangu, lugha ya kwao, haraka haraka, akinyosha mkono kuelekea kifuani kwangu, kwenye ule uzi. Kibangubangu sikukijua. Baba ni Muzimba, mtu wa kabila jingine, nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, na mama aliona hakuna haja ya kutuchanganya. Niliona tu mzee aliyekasirika anayetaka kuninyang'anya ufunguo.

Na hapa ndipo ninaponyamaza kila nikijaribu kuwasimulia watoto wangu. Kwa sababu niliukumbuka mstari wa tatu. Ikiwa mgonjwa ni mpole. Nikamwangalia, nikaona kwamba hakuwa mpole. Nikamwambia, tena kwa utulivu, kama mwalimu, "Ukiwa mupole, nitakuongelea vizuri." Nikamgeuzia mgongo nikarudi kwenye moto wangu.

Sijui nilikaa huko muda gani. Uji ulichemka hatimaye. Niliumimina, nikaupooza, nikaona fahari kidogo kwamba barazani kumekuwa kimya. Nilipotoka na bakuli, Babu alikuwa ameteleza nusu ya mwili kutoka kwenye kiti, macho wazi, na macho yenyewe hayakuniona.

Nilikimbia bila viatu. Muuguzi wa kituo alikuwa anafungua dirisha. Aliposikia, alichukua mfuko wake, akapanda kinga, akanipita njiani. Nilipofika nyumbani alikuwa amepiga magoti kwenye baraza.

"Amekunywa dawa?"

"Ndiyo, Dokta."

"Amekula?"

"Bado. Kuni zililowa..."

"Sukari iko wapi?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Imekatazwa, Dokta."

Aligeuka akanitazama kama mtu anayetazama mnyama asiyejua jina lake. "Sukari iko wapi!"

Ufunguo haukuingia. Alinisukuma, akalipiga kufuli kwa jiwe mara mbili, bati likapasuka. Alichota sukari kwa vidole, akailowesha, akampaka Babu ndani ya shavu na kwenye fizi, kama mtu anayemlisha mtoto mchanga. Kisha akafungua mfuko wake, akatafuta mshipa. Alitafuta kwa muda mrefu. Akamdunga maji ya sukari, na tukangoja, yeye akishika mkono wa Babu na mimi nimesimama na bakuli la uji ambalo sikumbuki nililiokota lini.

Babu alirudi polepole. Kwanza vidole, halafu kope. Aliposema neno la kwanza lilikuwa la Kibangubangu.

Mama alifika mchana na kikapu kichwani. Muuguzi akamweleza: dawa hii inashusha sukari, mtu akiimeza bila kula, sukari inashuka kupita kiasi, dalili yake ni jasho, kutetemeka, na hasira isiyo yake, hapo mpe sukari upesi, bombo, chochote kitamu. Alieleza vizuri sana. Alieleza kama mtu aliyeyajua hayo miaka kumi.

"Mbona hukutuambia?" mama akauliza.

"Mama, mulisema karatasi mumeshaisoma."

Jumatatu niliipeleka karatasi yenyewe kwa Prof. Nilimweleza yaliyotokea, yote. Alifungua diksionere yake ya Kifaransa na Kiingereza, akatembeza kidole kwenye ukurasa. Kidole kikasimama. Nikaliona kabla hajafunga kitabu: lile neno lenye a ni jasho. *Sweat*. Ikiwa anatoka jasho, mpe switi. Daktari hakuandika vibaya. Aliandika vizuri kabisa, kwa herufi zilizosimama wima.

"Ni maneno yenye kufanana," Prof akasema.

Katika somo lililofuata aliyaandika yote mawili kwenye ubao, moja chini ya lingine, akatuamuru tuyarudie. Kwa matamshi yake yalikuwa sauti moja. Darasa zima likaimba sauti moja mara mbili. "Musiyachanganye," akasema. "Wanafunzi wengi wanayachanganya."

Nikasimama. Sikunyosha mkono. "Nani ameyachanganya, Prof?"

Nilikuwa na kaye yangu wazi mbele yangu, na ile e nyekundu ilikuwa hapo. Alitaka nikae. Sikukaa. Nikauliza tena. Akanitoa nje, na siku tatu nilifagia ua wa shule kwa utovu wa nidhamu. Baba alipoitwa alimwomba Prof msamaha kwa niaba yangu, na njiani akaniambia, "Hatushindani na mwalimu." Nilitaka kumwuliza kama tunashindana na mzee anayekumbuka alichoambiwa na daktari. Sikuuliza. Baba yangu alikuwa mtu mwema, na kama angenijibu, ningelazimika kumsikiliza.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nyumbani hakuna aliyenigombeza. Ningepigwa ningejua pa kuanzia. Mama alisema tu, "Ulikuwa mutoto," ilhali wiki chache kabla ya hapo nilikuwa macho ya ukoo. Alinunua sanduku jingine la sukari, na ufunguo wake akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Wageni walipokuja aliwaambia Babu alianguka.

Babu aliishi, lakini hakurudi kamili. Mkono wa kulia ulipungua nguvu, na Kiswahili kikamtoka kama maji kwenye kikapu. Maneno ya Watanzania ndiyo yaliyotangulia kupotea. Wadogo zangu walimwita Babu Switi wakingoja mzaha. Yeye akawaangalia tu. Alizungumza na mama kwa Kibangubangu, sauti ya chini, na mama akawa anacheka au analia, na mimi nikawa napita katikati yao na sahani kama mgeni. Nilijaribu kumpendeza. Nilimwosha miguu, nilimpikia uji kabla ya jogoo. Alipokea kila kitu, akaitikia kwa kichwa. Sikuweza kusoma uso wake.

Kiangazi kilipofika alisema anataka kwenda kwake. Mama alikataa, akabembeleza, akanuna. Babu akafunga mzigo wake mwenyewe kwa mkono mmoja. Mwishowe baba alitafuta kijana wa piki mwenye kujua vizuri njia ya Wamaza, wakamketisha Babu nyuma, wakamfunga kwa kitenge kwenye kiuno cha dereva asianguke. Mama alirudi ndani kuchukua vidonge alivyokuwa amevisahau kwa kulia.

Nikaona hakuna nafasi nyingine. Nilisogea mpaka nikashika goti lake. "Babu," nikasema, "uko na kasirani na miye?"

Midomo yake ilitafuta, na nikaona kabisa jinsi ilivyotafuta Kiswahili, ikakikosa. Kisha akanijibu kwa Kibangubangu, maneno machache, matatu au manne, kwa sauti iliyo wazi, na dereva akapiga piki moto.

Nilimkimbilia mama na zile sauti mdomoni, nikizishika kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Nikamwambia. Akainamisha kichwa. "Sema tena." Nikasema. "Inaweza kuwa: sikukasirika," akasema. "Ukiisema vile ulisema mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa kama: sikusahau."

"Ni ipi, mama?"

"Mutoto wangu, miye sikumusikia. Nakusikia weye."

Alifariki Wamaza kabla mvua hazijaanza, na habari ilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa. Nimekwenda huko mara mbili tangu niwe mtu mzima. Nimekaa na dada zake Babu, na wajomba, na wazee waliolima naye, nikawatamkia maneno yale jinsi ninavyoyakumbuka. Wote ni watu wakarimu. Wananiomba nirudie, wanainamisha sikio, wananiomba nirudie tena, kisha wananiuliza ni nani aliyenifundisha vibaya hivyo.